Neno la Mlangoni

Sebule zote za chini katikati ya jiji ni maegesho ya umma. Mwenye nyumba akitamka "karibuni," gari lolote linalotafuta nafasi huingia lenyewe, na ada huenda manispaa.

Washenga waliotoka Mpwapwa kumposa Zamda walipiga hodi.

"Piteni tu, kaka zangu," alisema mama yake.

"Piteni tu? Kwani sisi kuku?" alifoka mkubwa wao. "Neno moja mnatunyima, binti mtatupa?"

Wakageuka kuondoka. Zamda akamshika mama mkono.

"Karibuni," mama akasema.

Wageni waliingia. Gari jeupe likawafuata, likasimama katikati ya mkeka. Posa ilitolewa kwa kupaza sauti juu ya paa lake. Sauti ikajibu, "Tumekubali." Zamda, aliyebanwa ukutani upande wa pili, hakuona ni ya nani.