Shikamoo Haipiti

Ili kupunguza msongamano, mtandao ulishaacha kupitisha salamu. Simu zilibeba shida tu. Ndiyo maana Mwanaidi alipompigia mama yake, shikamoo yake haikufika, na mama aliuliza moja kwa moja, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Nakuamkia tu."

Sauti ya mtandao ikaingilia: "Salamu si shida. Ukirudia, laini itafungwa mwezi mzima."

Mwanaidi akaacha kukuna nazi. "Basi andika! Shida yangu ni kumwamkia mama yangu. Shikamoo, mama!"

Jioni ile wapiga simu walijaa hewani hata mtandao wenyewe ukachelewa kukata, na shikamoo ikapita.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia.

Ndipo laini ikafungwa.

"Wafunge tu," Mwanaidi akasema, akairudia nazi yake. Marahaba ile ingemfikisha mwisho wa mwezi.