Chupi Ishirini na Nne

Mama alizimwaga chupi zote ishirini na nne kwenye pipa la taka, za mumewe na za mwanawe, kisha akapangusa mikono.

"Haya, yamekwisha. Kuanzia leo hakuna mwanamume wa nyumba hii atakayevaa kitu cha kubana."

"Lakini daktari alimtaja Kola peke yake," Baba akalalamika. "Mimi nimeingiaje hapo?"

"Umeingia kwenye beseni langu. Sichambui chupi za wanaume wawili, mimi."

Hapo alisema kweli tupu. Walikuwa madobi, wakifua na kupiga pasi nguo za watu chumba cha mbele, na kila shati la mteja lilitiwa alama ya uzi lisije likapotea. Nguo za nyumbani Mama alikataa katakata kuzitia alama. Alinunua za aina moja, saizi moja, akazifua pamoja, na kila mmoja akachukua zilizo juu. Ndivyo walivyoishi tangu kiuno cha mwana kilipolingana na cha baba. Kwa hiyo jioni hiyo zikaletwa boksa pana za pamba, dazeni mbili, na mjadala ukafungwa.

Waliompa Kola jina hilo ni wateja, kwa jinsi alivyojua kuzinyoosha kola za mashati. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndoa ya miaka minne isiyo na mtoto. Alikuwa akitania na kucheka na kila mtu, lakini jambo hilo lilimuuma vibaya sana. Pale kliniki walikuwa wamepima mbegu zake, wakazikuta chache tena zimechoka.

"Kazi yako?" daktari alimuuliza.

"Dobi. Nasimama kwenye pasi ya mvuke kutwa."

"Na ndani unavaa nini?"

Kola akaeleza, huku akiangalia ukuta.

"Basi unazipika, ndugu yangu. Mbegu hazipendi joto. Vaa pana, punguza mvuke, urudi baada ya miezi mitatu. Siwezi kukuahidi, lakini kujaribu hakudhuru." Daktari akageuza karatasi. "Baba yako ana watoto wangapi?"

"Mimi tu."

Swali hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani. Mama alimzaa akiwa na miaka kumi na minane, mpaka leo wateja wageni walimdhania dada yake, na baada ya hapo hakupata tena, ingawa alitamani. Kola akaanza kuogopa kwamba pengine hilo ni la damu. Baba naye alibahatika mara moja tu, na huenda yeye asibahatike hata hiyo mara moja.

Hata hivyo alifuata masharti kama askari. Yeye na Baba wakagawana zamu, mmoja kwenye pasi asubuhi, mwenzake akipeleka nguo kwa wateja, mchana wakabadilishana. Mkewe alifunga feni nyuma ya meza ya pasi na kukata siku kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Baba ndiye aliyeteseka zaidi. "Natembea barabarani najiona kama sijavaa," alisema wiki ya kwanza. "Upepo unaingia unavyotaka."

"Acha uingie," Mama akamjibu bila kuinua macho kwenye daftari la wateja.

Ajabu, kufika mwezi wa pili malalamiko yaliisha. Baba akawa anapeleka nguo huku akipiga mluzi. Sasa Mama ndiye alikuwa na ugomvi: sabuni mpya inanuka, wanaume wanaburuza miguu, feni ina kelele. Kola alivumilia. Mawazo yake yote yalikuwa kwa mkewe, maana mkewe alikuwa na siri.

Aliijua siri hiyo kwa bahati. Alikuwa akitafuta kalamu kwenye mkoba wa mkewe, mkono ukagusa kiboksi cha duka la dawa. Kipimo cha mimba. Alikirudisha taratibu, akafunga zipu, akaenda kupiga pasi mashati kumi na mawili bila kujua ni ya nani. Siku hiyo hiyo aliwakuta mkewe na Mama wakinong'ona jikoni. Walinyamaza alipoingia. Kola akaomba maji ya kunywa, akajifanya mjinga.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, aliamka na kukuta upande wa mkewe kitandani ni mtupu. Kutoka bafuni ilisikika sauti ya mtu anayetapika. Alitoka mbio, akafika mlangoni. Akakaa sakafuni pale pale.

"Mke wangu, usifungue," alisema. "Nisikilize tu. Kipimo nilikiona, nilinyamaza ili uniambie mwenyewe." Ndani, maji ya bomba yakafunguliwa. "Nilikuwa naogopa. Nilijiona nusu mtu, kila mteja aliyeleta nguo za mtoto nilitamani kulia. Sasa nina furaha hata sijui niiweke wapi. Huyo mtoto nitambeba, nitamwogesha, kila kitu nitafanya mimi. Wewe pumzika tu."

Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujali kuyafuta. Akasikia hatua nyuma yake. Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama na glasi ya maji ya ndimu, naye analia.

Mlango wa bafuni ukafunguka. Mama akatoka akijifuta mdomo kwa taulo, asiweze kumtazama mwanawe usoni.

"Baba yako bado hajui," alisema.