Shayiri ya Farasi

Katika mji mzima wa Edo hakuna mwanamke anayetunza siri kama mimi. Sogea basi nikwambie.

Kansuke, mtunza farasi, alikuwa amepigishwa magoti uani, shingo wazi. Shayiri ya farasi ilikuwa ikiibwa zizini, na ufunguo anao yeye.

"Sijala hata punje, Mtukufu!"

Barazani Bwana Sadafusa alimtazama kama anatazama kinyesi cha njiwa. Bwana huyu, kinywani mwake hakipiti kitu ila wali mweupe, uliokobolewa mpaka unang'aa. Mwaka jana miguu ilimvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Tabibu akamsihi ale shayiri. Bwana akamrushia bakuli: "Kwani mimi farasi?" Sasa miguu imenywea, naye anatamba kwamba wali mweupe ndio uliomponya.

Ubavuni pake aliketi Bibi Myoshun, mtawa mwenye kipara na kazi moja tu: mtukufu akijamba, yeye huinama upesi na kusema, "Nisameheni, ni mimi." Kwa kazi hiyo anakula, kwa kazi hiyo analala. Kansuke ni mtoto wa dada yake.

"Mtukufu, mpwa wangu huyu hana tabia ya wizi," alisema.

"Funga mdomo, kipara. Shayiri haijui kunyamaza tumboni. Tutangoja. Ikisema tu, kata."

Mwenye upanga akasogea nyuma ya Kansuke.

"Na ikisema kwingine?"

"Kwingine wapi? Sisi wa wali matumbo yetu yana adabu. Ni nyinyi makabwela mnaopiga tarumbeta."

Wakacheka wakubwa wote waliokaa barazani, kwa sababu yeye amecheka.

Wakangoja. Kansuke alijibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, masikini, utadhani anazuia mlango kwa makalio.

Mara mlio ukasikika: mnene, mrefu, wenye harufu ya zizi.

"Si mimi!" Kansuke alilia.

Upanga ukapanda juu.

Wakubwa wakainamisha nyuso kwenye mikono ya kanzu zao. Bibi Myoshun hakuinama. Alikuwa akikagua kucha zake, moja baada ya nyingine, kama vile hajaajiriwa na mtu.

Bwana Sadafusa akaiva uso. Akamgeukia kwa hasira, kwa mazoea, kabla hajafikiri.

"We bibi, umelala? Kazi yako hiyo!"