Mgeni wa Nakijwa

Siku hizi mifupa ikifukuliwa makaburini hupelekwa kukaa kwa ndugu wa damu aliye hai. Ndivyo Nakijwa, mjane asiye na mtoto, alivyoletewa sanduku kutoka uwanja wa kanisa la zamani la parokia, huko milimani Upare. Kipimo cha damu kilisema ni mamake bibi yake. Alimtandikia kitanda, akawa anamsimulia habari za majirani na mahindi, na nyumba ikaacha kuwa kimya.

Vuli ilipokwisha, Mchomvu, mkuu wa wachimbaji walioleta sanduku, alirudi kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Utusamehe, kipimo kilikosea. Huyu ana watu wake."

"Marahaba. Na wangu yuko wapi?"

"Hatujampata."

"Nipime tena, baba. Hata wa mbali. Hata jino moja."

Akamchoma kidole, akakitazama kipimo: hakikuonyesha ndugu hata mmoja. Akalibeba sanduku, akaenda zake.

Kulipopambazuka wachimbaji walimkuta Nakijwa makaburini, amevaa gauni lake la ibada, akichimba mahali ambapo wao walikuwa hawajafika, na kila alipoinua jembe alisema taratibu, "Hodi."