Taa za Baba Tina Zinakataa

"Nani tena amegusa hizi taa?" Hélène aliuliza, ndoo ya maji bado kichwani.

Jana jioni yeye mwenyewe alisugua taa ya kushoto ya gari lao kwa dawa ya meno na kitambaa chenye maji, mpaka balbu ikaanza kuonekana ndani. Sasa ilikuwa nyeupe tena, kama maji ya kuloweka mihogo.

Gari lenyewe lilikuwa zuri. Lilitoka Zambia, injini haina neno. Ila vifuniko vya taa vilikuwa vya plastiki, si vya kioo, na jua lilikuwa limevichoma mpaka vikashika ukungu. Giza likiingia, taa zilimulika pua ya gari tu, si barabara.

Na barabara ndiyo ilikuwa shida. Wamama wa samaki wanatoka mtaani Kikula kabla ya mapambazuko, wafike ziwani Tshangalele wakati wavuvi wanarudi. Colette, mkubwa wao, alikuwa ameahidi kumpa bwana wa Hélène, Baba Tina, kazi ya kuwapeleka, msimu mzima. Alitaka kitu kimoja tu: taa. Njia ile ina mashimo ya kumeza mbuzi. Na tangu kampuni aliyoifanyia kazi Baba Tina iache kulipa wafanyakazi, hapakuwa na kazi nyingine iliyobisha mlango wa nyumba ile.

"Baba Tina, hii dawa ya meno ya ku marché ni ya bongo," Hélène alisema; aliinunua sokoni, na sasa aliiona ni ya uongo. "Mangaribi taa inangaa, asubui inakufa."

Bwana yake alipitisha kidole juu ya plastiki, polepole, kama mshonaji anayepima kitambaa.

"Bado. Iko na mikwaruzo. Nilikuambia, hii kazi haipende haraka."

"Colette ye iko na haraka!"

"Sasa nifanye je, mama? Niirambe?"

Hélène hakucheka. Mtu aliyeendesha malori ya kampuni miaka yote ile bila kukanyaga hata kuku, leo plastiki mbili zinamshinda!

Damas, jirani yao, alichungulia juu ya ua la matete, akamwita Baba Tina kwa jina lake.

"He, Barthélemy! Jana ulinipita ku marché. Nakupungia mukono, weye unaangalia mbele tu kama ministre, waziri mukubwa. Na mutuka, gari yenyewe, bado hata kutembea!"

"Nilikuwa na mawazo, ndugu yangu."

"Mawazo ya taa? Ukichoka, unipe ile kazi ya samaki. Miye gari yangu taa zinawaka."

Akacheka peke yake. Hélène alimkazia macho mpaka akaondoka. Ua lile lilikuwa na tundu ambalo mtu mzima anapita, na usiku yeye Hélène amelala, mchana wote yuko sokoni. Kumshuku jirani ni dhambi, alijua. Kwa hiyo jambo lile alilitia ndani ya rozari: Bwana, kama ni Damas, umtie haya.

Kesho yake alichukua unga uliobaki nyumbani, akaubadilisha na dawa ya meno ya kweli pamoja na karatasi ya msasa, ile laini. Jioni hapakuwa na bukari, ugali wao wa kila siku. Walisugua. Kwanza sabuni, kisha msasa na maji mengi, kisha dawa ya meno, kitambaa kikizunguka, kikizunguka. Vidole vilikufa ganzi. Tumbo lilinguruma, na Hélène akalikaripia kama mtoto. Jua lilipokaribia kuanguka, taa zote mbili zilikuwa safi.

"Angalia! Unaona mpaka kawaya ka ndani! Asante Maria!"

Baba Tina akapitisha kidole.

"Ni laini," alisema.

Basi, ndiyo furaha yote aliyoonyesha. Hélène alilala amekasirika.

Asubuhi taa zilikuwa bado safi. Alizifuta kwa pindo la kikwembe chake, akapiga ishara ya msalaba juu ya kila moja, akaenda sokoni moja kwa moja kwa Colette.

"Zinangaa, dada Colette! Kuja uone kwa macho yako."

"Kila siku zinangaa, kila siku tunakuta moshi," Colette alisema bila kuacha kupanga samaki. "Damas alipita hapa asubui na mapema. Ye iko tayari. Saa sita tunafika kwako. Tukikuta tena ukungu, tunaenda na ye, na usiniletee machozi."

Damas! Hélène aliacha sombe lake, majani ya mihogo aliyokuwa akiuza, kwa mwenzake wa meza, akakimbia. Hapo hapo aliona yote: yule mtu alijua saa sita, na tundu la ua alilijua.

Alipokaribia nyumbani alivua viatu, akazunguka nyuma ya choo, ili amkute kazini na asiweze kukana.

Jua lilikuwa utosini. Mtu alikuwa amechutama mbele ya gari, ameshika mchanga mkavu, anasugua taa kwa nguvu zake zote. Ya kushoto ilikuwa imekwisha kufa. Sasa alikuwa kwenye ya kulia.

Hakuwa Damas.

Hélène alisogea mpaka mbele yake, karibu ya kumgusa. Baba Tina alisikia pumzi, akaficha mkono wenye mchanga mgongoni, akainua kichwa, akamtazama usoni kabisa, macho yakimtafuta kama ya mtu aliye gizani.

"Sijui weye ni nani, mama," alisema kwa adabu, "lakini nakuomba sana, usimwambie bibi yangu, Hélène."