Mstari wa Mwisho wa Kamusi

"Teremka mpaka mwisho," Madam, bosi wetu, alisema, na mkono wa Ilango ukaganda juu ya kipanya.

Pale ofisini Chennai sote tulijua mwishoni mwa kamusi kuna nini. Programu yetu ya kubana ujumbe, ili uchukue nafasi ndogo, hufundishwa kwa mifano. Unailisha jumbe nyingi, yenyewe inaokota maneno yanayojirudia na kuyapanga kwenye kamusi, na yanayojirudia kuliko yote hukaa chini kabisa.

Jumbe za wateja ni marufuku kuzigusa. Tulipoombwa tutoe zetu, kila mtu aliona haya. Basi Ilango akailisha jumbe za miaka sita alizoandikiana na mama yake.

Zikabanwa vizuri ajabu. Madam alikuwa ameshapiga makofi.

"Teremka, bwana! Unaogopa nini?"

Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, maneno yakaanza kupita: Umekula? Umekula nini? Umepaka mafuta kichwani? Yule msichana wa Madurai bado hajaolewa.

Tone la jasho likadondoka kwenye kipanya. Ilango akalifuta kwa kidole gumba, kisha akafuta tena mahali palipokwisha kukauka.

Mstari wa mwisho ukatokea: Yule chui wako amekuruhusu ukale?

Tukatazama viatu vyetu.

"Chui ndiye nani?" Madam akauliza.

Kabla Ilango hajapata uongo wa kusema, simu yake ikatetemeka mezani. Ilikuwa saa saba na nusu mchana.

Madam akausoma ujumbe wa mama uliotokea kwenye kioo. Akaichukua simu, akaandika jibu huku akitamka kila neno:

"Bado, mama. Hata chui mwenyewe hajala."