Fundo la Mbeleko

Katika ofisi ya ustawi wa jamii, yule mama aliyetoka ng'ambo aliinama mbele yangu, nikamtoa mjukuu wangu mgongoni na kumbebesha yeye.

Nikasubiri kilio. Tangu mama yake afariki, mtoto huyu hataki mgongo mwingine. Shangazi yake alijaribu, jirani akajaribu. Wote walimrudisha mbio, wameziba masikio. Ofisi ilishaamua kwamba mimi nimezeeka na chumba changu kinavuja, mtoto aende kulelewa na huyu mama. Kilichobaki upande wangu ni kile kilio tu.

Mgeni alinukia sabuni ya bei ghali. Alifunga mbeleko yangu kifuani kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Mtoto alimnusa shingo. Akashusha pumzi, akalaza shavu, mate yakaanza kulowesha blauzi nyeupe.

"Amelala?" mgeni alinong'ona, hathubutu kugeuka.

"Amelala."

"Bibi, nimefunga vizuri?"

Fundo lilikuwa limelegea. Pale kwenye ngazi lingeanza kufunguka, mtoto angeshtuka na kupiga mayowe, na pengine wangesema hawajazoeana, arudi kwanza kwa bibi yake.

Afisa alikuwa ameshafungua mlango.

Gauni langu lilikuwa bado bichi mgongoni, pale mdomo wa mtoto ulipokuwa. Feni ilipapuliza, pakawa baridi.

"Njoo hapa, mwanangu," nikamwambia mgeni.

Nikalifungua fundo lake, nikalifunga upya, nikalikaza kwa meno.